Barua kwa mwanangu: ukihama jimbo, PR yako inabaki yako

Mwanangu, marahaba. Umeniuliza swali moja ila umelizungusha sana mpaka mama yako akasema huyu mtoto ana mimba au vipi, kwa hiyo naliweka hapa kwa kifupi tuwe pamoja. PR, yaani ukaazi wa kudumu wa Kanada, uliipata kwa kupendekezwa na jimbo la Saskatchewan, umeishi Moose Jaw na umefanya kazi hapo kwenye nyumba ya wazee, sasa imetokea kazi Calgary kule Alberta, halafu mtu mmoja kwenye grupu la jumuiya kakwambia ukihama kabla ya miaka miwili Saskatchewan wanakunyang'anya PR na unapandishwa ndege kurudi Tanga. Unataka kujua kama ni kweli, na mimi baba yako naonaje.

Si kweli. Nimeliweka mwanzo ili ulale.

Huyo aliyekwambia miaka miwili muulize ameisoma wapi, utaona anaanza kukwambia kuna jamaa mmoja. Kila siku ni jamaa mmoja. Mimi nimepita mlango huohuo huku Manitoba na hizo habari nimezisikia tangu nashuka na begi langu, mara miaka miwili, mara mitatu, mara hadi upate uraia. Hakuna sheria inayotaja miezi wala miaka. Kinachosema ni katiba yao, ile sehemu ya haki wanayoiita Charter, ya mwaka 1982, kifungu cha 6, kwamba raia na mwenye PR wote wana haki ya kuhamia jimbo lolote, kuishi huko na kutafuta riziki huko. Wenye PR wametajwa kabisa, hawakuachwa wabahatishe. Na PR yenyewe hukupewa na Saskatchewan, umepewa na serikali kuu, jimbo lilisema tu huyu tunamtaka, ukapata zile alama 600 kwenye Express Entry, ule mfumo wao wa kuchagua wahamiaji kwa alama, ukapita. Hata siku wanazohesabu ni za Kanada nzima, 730 ndani ya miaka 5 ili PR isiguswe na 1,095 ndani ya miaka 5 ukitaka kuomba uraia, ulale Moose Jaw au ulale Calgary siku ni ileile.

Sasa tulia hapa, maana hiki wengi wanakiruka. Kanuni za uhamiaji zinataka aliyependekezwa na jimbo awe na nia ya kuishi kwenye jimbo hilo. Nia, yaani kilichokuwa moyoni siku unasaini fomu na siku unapokea PR. Wewe ulikuwa nayo? Ulikuwa nayo, tena ulikuwa unaniudhi na habari za Moose Jaw, sijui mto, sijui bibi gani anakuletea pai. Baadaye maisha yakageuka, na maisha kugeuka si kosa. Kosa ni la yule anayepata barua ya jimbo akiwa tayari ana chumba Toronto, anashuka pale uwanja wa Pearson, ndege ya kuunganisha kwenda Regina anaiacha iende bila yeye, hajawahi hata kuikanyaga Saskatchewan. Huyo kadanganya, na haki ya kuhama haifuti uongo uliosemwa kabla. Hiyo wanaiita kutoa taarifa za uongo, ni kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji, mtu anaweza kupoteza PR na kufungiwa miaka 5. Na wala hawana haja ya kumfuata siku ileile, siku atakapoomba uraia anaandika mwenyewe kwa mkono wake anuani zote alizoishi, ofisa akiona hakuna hata mtaa mmoja wa Saskatchewan si atauliza?

Kwa hiyo nenda, ila usiende mikono mitupu. Tafuta faili, siyo simu maana simu zako nazijua zinavyopasuka, weka mkataba wa nyumba ya Moose Jaw, hati za mshahara, T4 zote, zile karatasi za mwajiri za mapato na kodi ya mwaka, bili za umeme, barua ya kazi, risiti ya chuo. Halafu na ile ofa ya Calgary yenye tarehe yake, maana inaonyesha kazi ilikuja baada ya wewe kukaa na kufanya kazi, hukuja nayo mfukoni. Huenda asije kuuliza mtu maisha yako yote. Weka tu.

Mama yako ana lake, anasema watu wa Moose Jaw walikupa mkono ukiwa huna kitu na sasa unawageuzia mgongo. Nimemsikia. Mimi naona mkono ule umeulipa, umeosha wazee wao usiku wakati watoto wao wamelala, umelipa kodi, hudaiwi. Ila kuondoka kuna adabu yake. Sheria ya kazi ya Saskatchewan inataka utoe notisi ya maandishi ya wiki 2, wewe mpe meneja wako mwezi kama unaweza, maana unajua mwenyewe hiyo zamu ya usiku hawaipati mtu, na barua yake ya kukusifia utaitaka Calgary na utaitaka tena mbele ya safari.

Haya, pesa, maana ndipo naona hujapiga hesabu vizuri, unasema tu mshahara wa Calgary ni mkubwa. Kwanza tarehe. Kodi ya jimbo unalipa kwenye jimbo unaloishi tarehe 31 Desemba, kwa mwaka mzima, hata kama miezi kumi na moja ulikuwa kwingine. Sasa Alberta ngazi ya chini ni asilimia 8 hadi kama dola 60,000 hivi na Saskatchewan inaanzia 10.5, ukiangalia hivyo utasema nihame Novemba. Lakini wewe si una lile punguzo la kodi la wahitimu waliobaki Saskatchewan, lile linalorudisha ada yako kidogokidogo kwa miaka? Lile linakatwa kwenye kodi ya Saskatchewan peke yake. Ukiwa Calgary usiku wa tarehe 31 Desemba, fungu la mwaka huo umeliacha, na yanayofuata pia yanabaki hukohuko maana Alberta hawajui habari zake. Chukua karatasi upige zote mbili, ukihama Novemba na ukihama Januari, halafu ndo uamue. Mimi nahisi Januari itashinda ila sina T4 yako mezani.

Pili gari, na hapa niache niseme kama dereva. Saskatchewan unalipia pleti na bima ya msingi inakuja humohumo kupitia SGI, kampuni ya serikali, kama sisi huku Manitoba na Autopac yetu, unalipa unasahau. Alberta bima ni ya kampuni binafsi, na kwa binti wa umri wako mwenye leseni changa watakutajia bei utashika kichwa. Kabla hujatoka omba SGI wakupe rekodi yako ya udereva na ya madai, uende nayo, bila hiyo watakuhesabu kama umeanza kuendesha jana. Na gari la jimbo lingine hawalipatii pleti mpaka likaguliwe na fundi anayetambulika, na ile Corolla yako kutu imeshakula chini, nilikwambia. Pengine ni heri uiuze hapo hapo Moose Jaw. Leseni yenyewe unabadilisha ndani ya siku 90, hiyo ni rahisi.

Kodi ya nyumba Calgary iko juu kuliko unavyolipa sasa, hilo unalijua. Dukani utapata nafuu, Alberta hawana kodi ya mauzo ya jimbo, ni ile asilimia 5 ya serikali kuu tu, nyinyi mna 6 juu yake.

Kadi ya afya usiitupe. Alberta wanaanza kukuhudumia siku ya kwanza ya mwezi wa tatu tangu uhamie, katikati hapo daktari na hospitali unatumia ya Saskatchewan, ila ambulensi na dawa usizitegemee, kwa hiyo jaza dawa zako za pumu kabla hujatoka. Omba ya Alberta wiki ileile unayofika.

Njia unaijua, ni Highway 1 moja kwa moja, Swift Current, Medicine Hat, halafu Calgary, kama kilomita 700. Januari usiondoke bila kuangalia hali ya barabara, upepo ukianza kusukuma theluji kule karibu na Maple Creek hata sisi wenye malori tunapaki tunanywa kahawa, na wewe usijione mjanja kutushinda. Tenki lisishuke nusu. Blanketi, mishumaa, chakula ndani ya gari, siyo kwenye buti.

Mwisho kazi yenyewe, na hapa ndo sijaridhika. Wewe cheti chako ni cha CCA, cha kuhudumia wazee na wagonjwa, Alberta kazi hiyo wanaiita HCA na wana utaratibu wao wa kukubali vyeti vya nje ya jimbo. Umewauliza? Siyo kumuuliza rafiki yako anayefanya hapo, kuwauliza wenyewe kwa imeili wajibu kwa imeili. PR inakupa haki ya kuishi na kutafuta kazi popote, haimlazimishi mtu akubali cheti chako. Usiandike barua ya kuacha kazi mpaka hilo jibu liwe mkononi.

Na kwenye voisi ulisema dola zaidi kwa saa, hukusema masaa mangapi. Hizi nyumba za wazee wanapenda kuandika casual, maana yake wakikuhitaji wanakupigia, wasipokuhitaji kaa na simu yako, na mwenye nyumba Calgary hatakusubiri. Kama ni hivyo mimi nasema hapana, subiri ofa nyingine, Calgary haihami. Kama ni full-time na imeandikwa, nitachukua likizo nije nikusaidie kubeba vitu. Nitumie picha ya ofa leo, kurasa zote, siyo ule wa mshahara tu.