Vitamini: hiyo "vita" si vita tunayoijua

Mkuu, umeuliza vitamini ni kitu gani hasa, na kama ni kweli zimeitwa hivyo kwa sababu zinapigana vita na magonjwa. Hata mimi nilifundishwa hivyo shuleni Ujiji, nikaamini miaka mingi. Nianze na yaliyompata mdogo wangu.

Baba alipokwenda Urambo kulima tumbaku, tulimfuata. Mdogo wangu alikuwa na miaka 3. Kigoma alizoea mboga ya mawese na dagaa. Urambo tukawa tunakula ugali na mlenda usio na tone la mafuta, maana hela ilisubiri tumbaku iuzwe. Miezi ikapita, mama akaona kila jua likizama mtoto anajikwaa, anapapasa ukuta, anakanyaga sahani. Majirani wakasema karogwa. Mama akambeba mpaka zahanati. Nesi akamtazama macho, akakata ncha ya kidonge laini cha vitamini A, akamkamulia mdomoni, na kesho yake akarudia. Kisha akamuuliza mama: "Nyie watu wa Kigoma, mawese mmeyaacha wapi?" Wiki ile ile mtoto akaanza kuona hata giza likiingia. Bibi alipopata habari akatutumia dumu la mawese kwa treni.

Vitamini ndiyo hiyo: kitu ambacho mwili unakihitaji kidogo mno, hauwezi kujitengenezea cha kutosha, na kikikosekana kuna kazi fulani mwilini inayokwama. Haikupi nguvu kama ugali. Ni kidogo kiasi gani? Mtu mzima anahitaji vitamini B12 mikrogramu 2.4 tu kwa siku, yaani gramu moja ingemtosha zaidi ya miaka 1,000. Zinazojulikana ziko 13.

Sasa jina. Miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa kisiwani Java akichunguza beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu na kuua. Kuku wake wakaanza kupepesuka kama wagonjwa wenyewe. Kumbe walikuwa wanalishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwa hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya, akakataa wali wa wanajeshi kupewa kuku. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa vizuri, wakapona. Eijkman alidhani wali mweupe una sumu. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyeng'amua mwaka 1901 kwamba tatizo ni kilichoondolewa, si kilichomo. Kilikuwa kwenye pumba, hizi hizi tunazomwagia kuku hapa Tabora.

Mwaka 1912 Casimir Funk, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi London, akakipa jina: "vitamine". "Vita" ni Kilatini, maana yake uhai. "Amine" ni kundi la kemikali zenye naitrojeni, kwa kuwa aliamini vitu vyote vya aina hiyo viko kwenye kundi hilo. Hapo alikosea: vitamini C, kwa mfano, haina naitrojeni hata chembe. Basi mwaka 1920 Mwingereza Jack Drummond akashauri ile "e" ya mwisho iondolewe, na zipewe herufi, A, B, C na kuendelea. Nusu ya jina ikawa imekosewa, ila ile nusu ya uhai imebaki, na kwangu ndiyo yenye ukweli.

Umeuliza pia kama umnunulie mwanao vidonge. Kabla ya vidonge angalia sufuria. Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Na vitamini A, D, E na K huhitaji mafuta ili mwili uzinyonye, kwa hiyo matembele au mchicha wa kuchemsha tu hauwapi watoto chote kilichomo. Vidonge vya A usimpe kwa kukisia, maana ikizidi hujikusanya kwenye ini na kudhuru. Kama ana kati ya miezi 6 na miaka 5, mpeleke kliniki akapate matone, hutolewa mara mbili kwa mwaka.

Na mama watoto mwambie hivi, maana inaniuma kila nikiiona: kuna wanaounguza mawese mpaka yawe meupe ili harufu iishe. Moto ule huua karotini. Yakipata moto tu, atie kitunguu, yakiwa bado mekundu.