Nantes mpaka Île de Ré kwa baiskeli: panga safari kwa maji na mkate, sio kwa kilomita

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza nilivyojaribu hii safari ya pwani ya magharibi ya Ufaransa, kutoka mji wa Nantes mpaka kisiwa cha Île de Ré, nilikuwa peke yangu na nilijiona mjanja, si nimekulia Tanga bwana, Phoenix ya mjomba nimeiendesha tangu miguu haijafika chini, mguu mmoja unapita chini ya bomba la juu na mwili umepinda kama ndoano. Kwahiyo nikakaa na ramani, nikapiga hesabu kilomita 90 kwa siku, siku nne niko La Rochelle, mji wa kuvukia kwenda Île de Ré. Siku ya pili mchana niko kwenye yale mabonde ya Marais breton, tambarare kama meza, hakuna mti wala ukuta, upepo unanipiga usoni nakanyaga pedali kama nasaga mahindi na baiskeli haiendi. Nikajikokota mpaka stesheni ya Challans nikapanda treni nikarudi nyumbani. Mke wangu hakusema kitu, alinipa chai tu, na hiyo ndo iliniuma zaidi.

Mwaka uliofuata tulienda wote wawili, siku 10, kilomita 35 hivi kwa siku, siku nyingine 20 tu, na hapo ndo nikaelewa hii njia. Inaitwa La Vélodyssée, inatoka Roscoff kule juu Bretagne mpaka Hendaye mpakani na Hispania, zaidi ya kilomita 1200, sisi tulikula kipande cha katikati tu. Vibao viko kila njia panda, ukikosa kimoja umezubaa mwenyewe.

Jambo la kwanza, elekea kusini. Wakati wa kiangazi upepo wa huku mara nyingi unatoka magharibi na kaskazini-magharibi, kwahiyo ukishuka unakusaidia au unakupiga ubavuni, ukipanda unakula nao sahani moja. Watu wanaogopa milima, Vendée, mkoa tunaoupita hapa, haina milima, mlima wake ni upepo.

Kutoka Nantes usihangaike na barabara kubwa. Fuata mto Loire, pale Couëron kuna pantoni linakuvusha mpaka Le Pellerin, bure kabisa, wewe na baiskeli na mabegi. Halafu unafuata mfereji wa Martinière, kimya, kuna korongo na wazee wanaovua samaki, mpaka Saint-Brevin ambako mto unaingia baharini. Hapo ufukweni kuna mifupa ya joka kubwa la alumini, kazi ya msanii Huang Yong Ping, maji yakijaa linazama nusu, yakipwa linabaki juu ya tope. Mke wangu alilikodolea macho muda mrefu akasema hili lingekuwa Pangani watu wangeshaanza kuliwekea nadhiri.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndo sisi watu wa pwani tuna faida na wengi hatujui. Kuna kisiwa kinaitwa Noirmoutier, kina daraja tangu 1971, lakini kuna na barabara ya zamani inaitwa Passage du Gois, zaidi ya kilomita 4, ambayo inafunikwa na bahari mara mbili kila siku. Yaani barabara kabisa ya magari, saa hizi watu wanapita, baadae ni bahari na mawimbi juu yake. Ushauri wa wenyeji ni uvuke ndani ya saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa au saa moja na nusu baada yake, na ratiba imebandikwa kwenye vibao pande zote mbili. Njiani kuna nguzo zenye ngazi na kibanda juu, za kupandia waliochelewa, na kila mwaka kuna watu wanapandia na gari lao linabaki chini linaogelea.

Wafaransa wana namba ya ukubwa wa maji kujaa na kupwa wanaita coefficient, inaanzia 20 mpaka 120, wageni wanaitazama kama hesabu za chuo kikuu. Wewe uliyezaliwa karibu na bahari usisumbuke, namba kubwa ni bamvua, namba ndogo ni maji mafu, basi. Angalia mwezi, ukiandama au ukiwa mpevu jua siku hizo bamvua, maji yanakimbia mbali sana na yanarudi kwa kasi. Tulipofika siku ya bamvua tukakuta mamia ya watu wameinama kwenye tope na ndoo na vijembe wanaokota kombe, wazee, watoto, mabibi na mabuti ya mpira, mimi machozi yalinilenga, ilikuwa kama kwetu maji yakipwa akina mama wakienda kutafuta pweza, tofauti ni baridi tu na hakuna anayeimba.

Ila tahadhari, ile barabara inateleza. Mawe yake yana mwani na utelezi wa kijani, mwaka 1999 mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalipita hapo waendeshaji wakaanguka kwa mkumbo, mmoja wao Alex Zülle akapoteza zaidi ya dakika 6 na mwisho wa mashindano akashika nafasi ya pili. Wale ni mabingwa. Wewe una begi la sufuria nyuma, teremka utembee pale penye unyevu. Na ukifika nyumbani osha cheni kwa maji yasiyo na chumvi uipake mafuta siku hiyohiyo, mimi nililala nikaamka cheni ina rangi ya mchuzi wa bizari.

Jambo la pili, mkate. Nimesema usihesabu kilomita, hesabu saa za maduka, na sitanii. Vijijini jiko la mgahawa linafunguliwa saa sita mchana na saa nane limefungwa, ukifika saa nane na dakika ishirini una njaa ya kufa watakuangalia kwa huruma ya kweli na hutapewa kitu mpaka saa moja jioni. Duka la mkate linafunga mchana, lina siku yake ya mapumziko, mara nyingi Jumatatu, na Jumapili jioni kijiji kizima kimelala. Kwahiyo kila asubuhi kabla ya kukaza mabegi nunua mkate, jibini, nyanya, tende kama unazo. Na ukiingia dukani sema bonjour kwanza, hata kabla hujatazama bidhaa. Wengi wanalalamika Wafaransa wana maringo, lakini hawa ni kama wazee wetu tu, hujaamkia hupewi kitu, ukiamkia unaelekezwa njia mpaka na njia ya mkato.

Kwa tunaokula halali, samaki na kombe viko kila kona, ila kome wa mgahawani mara nyingi wanapikwa na mvinyo mweupe na hawakwambii, kwao ni kama chumvi tu. Uliza. Ukifika upande wa Charente-Maritime, mkoa wa La Rochelle, tafuta éclade, kome wanapangwa juu ya ubao, wanafunikwa majani makavu ya msonobari, wanawashwa moto, kwisha, wanaiva na harufu ya moshi, unakula na vidole vyeusi. Chapati zao za unga mweusi wa buckwheat ni nzuri ila ile ya kawaida inakuja na nguruwe ndani, sema mapema.

Maji ya kunywa usinunue chupa. Kila kijiji kina makaburi na makaburini kuna bomba la kumwagilia maua, wasafiri wa baiskeli wote wanajua hii siri, tazama tu kama hakuna kibao kinachosema hayafai kunywa. Siku ya kwanza nilisitasita mlangoni kama mwizi, mke wangu akanipita, akawatolea salamu wenyeji wa pale, akajaza chupa zetu nne.

Baiskeli usijitese na ya bei mbaya. Yangu ni ya mjini, gia 7, keria imara na mabegi mawili ya pembeni. Kosa langu lilikuwa pampu. Nilipata pancha karibu na Saint-Jean-de-Monts, ndani ya msitu wa misonobari, nikatoa tyubu mpya begini kwa mbwembwe, kumbe ina valvu nyembamba ya Kifaransa na pampu yangu ni ya valvu nene kama ya gari. Nikakaa chini. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu akapita na mjukuu, akatoa pampu yake, akanijazia mwenyewe maana hakuniamini. Angalia valvu kabla hujatoka, na ubebe kizibao kinachong'aa, nje ya mji ukiwa gizani ni sheria.

Les Sables-d'Olonne, pale wanapoanzia mashindano ya mashua kuzunguka dunia, ni mji mzuri ila una watu wengi, tulilala usiku mmoja. Kutoka Marans mpaka La Rochelle unafuata mfereji wenye kivuli, hiyo ni zawadi ya mwisho kwa magoti.

Halafu Île de Ré. Daraja lake ni la 1988, karibu kilomita 3, magari yanalipa na baiskeli bure, panda asubuhi kabla upepo haujaamka. Kisiwani kuna zaidi ya kilomita 100 za njia za baiskeli, mnara wa taa wa Baleines una ngazi 257 nilizihesabu kwa mapaja, na Saint-Martin utakuta punda wamevalishwa suruali, zamani walivalishwa wasiumwe na mbu kwenye mashamba ya chumvi. Usiende Julai na Agosti, njia zinajaa kama Kariakoo, nenda Juni au Septemba. Kurudi, treni nyingi za mkoa zinabeba baiskeli lakini nafasi ni chache, zile za kasi, TGV, lazima ukate tiketi ya baiskeli mapema.

Karibu na kijiji cha Ars, hapo hapo kisiwani, tulikuta meza ya mbao kando ya njia, vifuko vya chumvi juu yake, kikopo cha hela, na mwenyewe hayupo. Tukaacha hela tukabeba vifuko viwili, kimoja nikampelekea mjomba Tanga, ambaye amefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ujana wake wote. Akaweka punje moja ulimini, akafumba macho, akauliza bei. Nilipomtajia akacheka mpaka akakohoa.