Baba anapandikizwa seli shina zake mwenyewe: kaka zake wapimwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 58, tupo Kibosho, Moshi. Ana saratani ya uloto (ute laini ndani ya mifupa unaotengeneza damu) aina ya mailoma. Amemaliza mizunguko minne ya dawa, imemkubali, sasa ameambiwa apandikizwe seli shina (seli mama zinazozalisha damu) zake mwenyewe. Ndugu wamegawanyika: wengine wanasema atapasuliwa uti wa mgongo, wengine wanataka baba wadogo wapimwe ili wamchangie. Halafu nyumbani tuna ng'ombe wawili wa ndani. Tujiandaeje?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Uti wa mgongo hauguswi, wala hapasuliwi popote. Baba wadogo nao wapumzike kwanza, maana seli ni za baba mwenyewe. Kazi yao ipo, nitaifikia.

Jina la tiba hii linapotosha watu. Kinachopiga mailoma si seli, ni dawa iitwayo melfalani: miligramu 200 kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili, au 140 kama figo zimechoka. Kipimo hicho kinafagia mailoma na uloto wake mzima kwa pamoja. Seli zake huvunwa mapema, zikawekwa pembeni, kisha zikarudishwa kuotesha uloto upya. Na niseme wazi: kwa kawaida mailoma haiponi kabisa. Tunanunua muda mrefu bila ugonjwa, na wengi huendelea na vidonge baadaye.

Uvunaji huanza na sindano za filgrastimu chini ya ngozi, mikrogramu 10 kwa kila kilo kwa siku, siku nne au tano. Nyonga na kiuno vitauma kwa sababu uloto unasukumwa uzalishe. Ameze parasetamo, asiguse diklofenaki. Figo za mgonjwa wa mailoma haziivumilii. Kisha anaunganishwa na mashine inayochuja seli na kumrudishia damu iliyobaki, muda wa saa nne hadi sita. Akisikia ganzi midomoni au vidoleni aseme papo hapo: dawa ya kuzuia damu isigande inashusha kalisiamu, na dawa yake ipo. Zinahitajika angalau seli shina milioni 2 kwa kila kilo ya uzito. Zisipotosha, mara nyingi chanzo ni mionzi iliyopigwa nyonga au dawa ya mailoma iitwayo lenalidomaidi iliyotumika mizunguko mingi, kwa hiyo ulizeni leo baba alikuwa kwenye dawa gani.

Siku ya melfalani anyonye vipande vya barafu kabla, wakati dripu inaingia, na baada yake. Msidharau barafu. Inabana mishipa ya mdomo, dawa ikafika kidogo, na vidonda vinapungua sana. Siku moja au mbili baadaye seli hurudishwa kama damu ya kawaida. Zikiwa ziligandishwa, chumba kitanuka kama kitunguu saumu; ni kihifadhi chake.

Kipindi kigumu huja baada ya hapo. Kufikia kama siku ya saba chembe nyeupe zinakaribia sifuri: vidonda vya mdomo, kuharisha, homa. Huanza kupanda kati ya siku ya 10 na ya 14. Hapa ndipo baba wadogo wanahitajika, kuchangia damu na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda). Damu hiyo ipigwe mionzi kwanza, ndugu wa damu hasa, la sivyo chembe nyeupe zao zinaweza kuushambulia mwili wa baba.

Akirudi Kibosho, kwa miezi mitatu ya mwanzo zizi si lake. Hatari kubwa kuliko ng'ombe mwenyewe ni nyasi kavu na mabua yaliyoota ukungu. Ukiyapekua, mbegu za fangasi huingia mapafuni. Samadi vivyo hivyo. Maziwa yachemshwe. Mtindi wa kibuyu, mbege na kisusio (supu ya damu) visubiri. Mtori uliopikwa siku hiyo hiyo, ale atakavyo.

Nunueni themometa kabla hajasafiri. Ikisoma nyuzi 38 au zaidi, msimpe parasetamo mkasubiri asubuhi. Inaficha homa huku vimelea vikizaana damuni. Shukeni hospitali ya KCMC usiku huo huo, na neno la kwanza mlangoni liwe "amepandikizwa uloto", ili apate antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Asiklovia, dawa ya kuzuia virusi, anywe kwa muda alioandikiwa, mara nyingi hadi mwaka, hata akijiona mzima. Bila hiyo mkanda wa jeshi unaweza kuzuka.

Kinga za chanjo za utotoni nazo hufifia. Anachanjwa upya kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi na mbili, ila surua na homa ya manjano, ambazo ni chanjo hai, hazipewi kabla ya miaka 2. Akitakiwa cheti cha homa ya manjano kwa safari kabla ya hapo, aombe barua ya daktari, asichomwe.