Maswali na Majibu: Kabati Likianguka, Nani Kalichora?

Mwezi huu maswali ni mengi, na karibu nusu yanauliza jambo moja. Tuanze nalo lipite.

Nimebuni keria ya baiskeli inayokunjwa. Nimesajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, lakini fundi wa mtaa wa pili kaiga na hakuna wa kumgusa. Kwa nini? (Kijana, Makorora, Tanga)

Kwa sababu ulisajili jina, mwanangu, na yeye hakuiba jina. Nimelieleza hili mpaka nimechoka. Jina la biashara linalinda jina. Alama ya biashara inalinda alama. Umbo la bidhaa lina njia yake: Itifaki ya Harare ya 1982, inayosimamiwa na ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika, na Tanzania ni mwanachama. Rudi BRELA uulizie maombi ya muundo wa bidhaa kupitia huko. Mara nyingine nenda kabla hujaitembeza Ngamiani nzima na kuirusha kwenye kila simu. Kinachoombewa ulinzi hutakiwa kiwe kipya, na keria ambayo kila mwenye baiskeli Tanga kashaiona upya wake una mashaka.

Halafu umeandika mwenyewe kwamba wazo "uliliona mahali ukaliboresha." Kwa hiyo wewe uliboresha, ila jirani kaiga? Tafakari hapo kabla ya kumlipa wakili. Na kama siku moja utabuni kitu kinachookoa roho za watu, usikifungie kabatini. Mwaka 1959 Nils Bohlin wa Volvo aliibuka na mkanda wa gari wa kushika sehemu tatu. Kampuni ilikuwa na hataza yake, yaani haki ya kuutengeneza peke yake, ikawaachia watengenezaji wengine wautumie.

Programu gani ni bora kuchorea bidhaa?

Unayoijua. Kama hujui hata moja, anza na penseli na futi.

Mteja anataka kabati la droo tano, refu, jembamba, la plaiwudi nyepesi, kwa bei ya droo tatu. Nikikataa anahamia kwa jirani. Nifanyeje? (Seremala, Ngamiani)

Hilo ndilo kabati linaloua, na sikutishi. Juni 2016 kampuni ya samani ya IKEA ilitangaza kurudishwa kwa makabati ya droo yapatayo milioni 29 huko Marekani, baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Dukani yalisimama vizuri kabisa. Nyumbani mtoto huvuta droo ya chini akaikanyaga, akavuta ya juu apate pa kushika, uzito wote ukahamia mbele ya miguu ya kabati, likaja naye. Plaiwudi nyepesi inazidisha balaa, maana nyuma hakuna cha kulivuta lirudi.

Kabla hujapiga vanishi, simamisha kabati tupu, fungua droo zote, kisha tundika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye ukingo wa droo ya juu. Hizo ni kilo 20 na ushee, karibu na uzito wa mtoto wa miaka sita. Miguu ya nyuma ikinyanyuka, kazi hujaimaliza. Ongeza kina cha kabati, sogeza miguu ya mbele mpaka usawa wa uso wa droo, weka ubao mzito chini upande wa nyuma, au tia kizuizi kinachoruhusu droo moja tu kufunguka kwa wakati. Vipande viwili vya chuma vya kulifungia ukutani viwe ndani ya bei, isiwe "mteja akitaka". Na nyumba za udongo zilizopigwa plasta mnazijua: skrubu ikiingia kwenye udongo mtupu haishiki kitu. Gonga ukuta mpaka uupate mti, ufunge hapo.

Akihamia kwa jirani, mwache ahame. Ninachokukataza ni kuja kusema baadaye kwamba mteja ndiye aliyetaka. Mteja anajua bei na rangi. Kwamba kabati litapinduka unajua wewe.

Naweza kubandika alama ya TBS, shirika la viwango, wakati nasubiri leseni yao?

Hapana. Ni kosa kisheria, na usiniulize tena.

Nafanya kazi kwa mwagizaji wa taa za sola. Bosi anataka niwaelekeze kiwandani wafunge kasha kwa gundi badala ya skrubu. Ni nafuu, na taa ikifa mteja atanunua nyingine. Je, nakosea nikitii? (Mbunifu, Chumbageni)

Kisheria pengine hukosei. Ila ni ubaya, na wewe unaujua, ndiyo maana umeniandikia.

Bosi wako hajavumbua kitu. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikutana Geneva wakaunda umoja wa Phoebus, wakapatana balbu isiishi zaidi ya saa 1,000. Kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita hapo kilitozwa faini. Kazi ya kufupisha uhai wa balbu walifanya wahandisi wenye mishahara na watoto, kama wewe.

Taa yenu itafika Mkinga na Kilindi, kwa mtu asiye na umeme. Kinachochoka kwanza ni betri, huku paneli na taa zenyewe bado ni nzima. Kapite kwa mafundi simu wa pale Mgandini uone kitakachofuata. Fundi anapasha kisu cha jikoni kwenye moto, anakipitisha kwenye mshono wa gundi, na ncha inapita milimita chache kutoka kwenye betri ya lithiamu. Betri hiyo ikitobolewa inaweza kuwaka mkononi. Atakayeungua ni yeye, kwa hela ya kutengeneza taa moja.

Mpelekee bosi hesabu. Skrubu nne za nyota ya kawaida, siyo zile za ajabu zinazohitaji bisibisi ya kuagiza. Betri ya saizi ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, ambayo hata kwenye betri chakavu za laptop za zamani hupatikana. Mwambie pia kuwa kuanzia 18 Februari 2027 sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya inataka betri za vifaa vingi vidogo zitoke kwa mkono wa mtumiaji mwenyewe. Viwanda vinavyouza kule vitabadilika. Vya gundi vitatafuta pa kumwaga mzigo, na kwa waagizaji wa aina ya bosi wako mzigo huo utamwagwa kwetu.

Akikataa, weka pingamizi lako kwa maandishi na ubaki na nakala. Sikuambii uache kazi. Sijui wangapi wanakula kwa mshahara huo.

Fremu zangu za aluminiamu zina unga mweupe kila penye skrubu ya chuma. Niliuziwa feki? (Mwenye nyumba, Raskazone)

Si lazima. Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Weka washa za nailoni katikati, jaza silikoni tunduni kabla ya kukaza.

Na nyie wachomeleaji wa mageti ya skwea paipu, nimewapata. Mnapaka rangi nje mara tatu na kuacha ncha za bomba wazi. Geti linaoza kwa ndani huku nje linang'aa. Zibeni juu, toboeni tundu la maji chini.

Mkonge ungechukua nafasi ya plastiki, si tungepona? (Mwanafunzi)

Nafasi ipo. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alete miche ya mkonge mwaka 1893, nyuzi tunazotoa ni takriban asilimia 4 ya uzito wa jani, mengine hubaki taka. Lakini ukiloweka nyuzi kwenye reziini ya poliesta ukatoa kiti, umetengeneza plastiki yenye nywele. Hakiozi na hakiyeyushwi tena, kwa hiyo futa "rafiki wa mazingira" kwenye lebo. Kamba, mikeka, brashi, kitambaa cha kiti: hapo mkonge unajitetea.

Meza mpya ya kukandia chapati inanivunja mabega. Fundi anasema nitazoea. (Mama lishe)

Hutazoea, dada. Simama wima, kunja mkono, pima kutoka kwenye kiwiko hadi sakafuni, toa sentimita 15 au zaidi kidogo, kwa kuwa kukanda kunataka nguvu ya mwili. Hapo ndipo uso wa meza unapotakiwa kuwa. Akate miguu. Akidai hela ya kukata, muulize alipopima alimpima nani.