Mzee haoni: aingie na nani kupiga kura?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba mkwe wangu amepofuka kwa presha ya macho. Uchaguzi uliopita mume wangu aliingia naye kwenye kituturi. Walirudi hawasemeshani: mzee anadai alitaja jina moja, mwanawe akatia vema kwingine. Sasa anamtaka rafiki yake wa kanisani, ila huyo huwa wakala wa chama. Mimi ni mkamwana, na mila zetu Wanyakyusa unazijua, siwezi kumkaribia. Tufanyeje?
Mkamwana, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu. Nazijua, mkwe akitokea huku wewe unapita kule.

Msaidizi anachaguliwa na mzee mwenyewe. Sheria inamruhusu asiyeona kuingia na mtu anayemwamini. Haijasema zamu ni ya mtoto wa kiume. Huyo wa kanisani akiwa wakala siku hiyo, hapana. Msimamizi wa kituo na wasaidizi wake nao hapana.

Lakini mbona hamjafikiria apige mwenyewe? Tume ya uchaguzi ina kifaa cha nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu ya wasioona, kwa ajili hiyo: jalada linaloingizwa karatasi ya kura, lenye matundu yanayokaa juu ya visanduku vya wagombea. Utaniambia mzee hajui nukta nundu. Mimi nimezifundisha hapa Mbeya mpaka nikastaafu, na nakwambia kwa kazi hii kujua kuhesabu kunatosha. Mtu aliyechambua kahawa kwa mkono miaka yote hashindwi na matundu! Asomewe majina kwa mpangilio wa kwenye karatasi, akariri kwamba wake ni wa tatu, apapase kutoka juu hadi tundu la tatu, atie vema. Karatasi za rais, mbunge na diwani asomewe kila moja peke yake, maana wa tatu huku si lazima awe wa tatu kule.

Mfanye mazoezi nyumbani. Kata upande wa boksi la sabuni, toboa matundu yaliyopangana wima, weka karatasi ya daftari chini yake, mpeni peni. Mjukuu atazame kama alama imebaki ndani ya tundu. Mwanzoni mkia wa vema utachomoza nje. Afanye fupi, kwa sababu alama ikigusa visanduku viwili kura inaweza kuharibika.

Siku zikikaribia, mtendaji wa kata aulizwe kama kifaa kitafika kituoni kwenu. Mimi nami sioni, na kuna mwaka niliambiwa kituoni, "Mwalimu, tukusaidie tu, watu ni wengi." Nikaomba kiti, nikakaa. Kifaa kikapatikana. Foleni isiwatishe, wenye ulemavu na wazee hupewa kipaumbele.

Mumeo simhukumu, nimesikia upande mmoja, tena wa mkamwana. Ampeleke baba yake hadi mlangoni, abaki nje. Na wakati wa kurudi asimuulize kampigia nani.