Mbona nabaki kwenye benchi wenzangu wakienda kukomunika?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mi Mkatoliki toka utotoni, naimba kwaya, misa sikosi, ila miezi sita sasa ikifika komunyo nabaki nimekaa. Sijaua mtu wala sijaiba, ni hasira na huu ulimi wangu, naungama leo, wiki ijayo niko palepale na yaleyale, mpaka naona aibu padre keshaizoea sauti yangu. Halafu kuna dada wa kwaya tumenuniana kitambo, ye anapita zake mbele anakomunika freshi tu na mi namjua alivyo. Naona unafiki mtupu. Je nisubiri kwanza nitulie ndo nirudi?

JIBU: Milele amina, marahaba. Sasa hiyo "nitulie" ni lini? Maana kabla foleni haijaanza kanisa zima, padre akiwemo, tunatamka "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu", maneno ya yule akida wa Kirumi kwenye Mathayo 8, na hakuna anayeambiwa asubiri mpaka astahili. Tunasema hatustahili, afu tunanyanyuka tunaenda.

Hofu yako ina historia ndefu. Ufaransa karne ya 17 Wajanseni, kundi la Wakatoliki wenye msimamo mkali, walikaza masharti mpaka watu wema kabisa wakawa wanaogopa komunyo, na ilifika 1905 Papa Pio wa 10 akahimiza waamini wakomunike mara kwa mara, hata kila siku, akitaka mtu awe katika hali ya neema, yaani asiwe na dhambi ya mauti, na awe na nia njema. Papa Fransisko naye 2013 aliandika kwamba Ekaristi, yaani hiyo komunyo, si zawadi ya waliokamilika, ni dawa na chakula cha wanyonge. Dhambi nyepesi zinafutwa na komunyo yenyewe, hilo ni fundisho la Kanisa, sijalitunga mimi. Ila dhambi ya mauti, yaani jambo zito, ukajua ni zito, ukaliridhia kwa hiari yako, hapo kitubio kwanza, usiruke. Hasira zako ziko upande gani mwulize muungamishi wako, mi kwa barua siwezi kupima.

Tuje kwa huyo dada, maana naona ndo penyewe. Watu wanapenda kutishana na lile neno la Paulo la kula "isivyostahili", 1 Wakorintho 11, lakini wanaanzia katikati. Anzia mstari wa 17 uone alikuwa anawagombeza nini: wanakusanyika kwa chakula cha Bwana, kila mtu anawahi cha kwake, huyu ana njaa yule amelewa, na wasio na kitu wanaaibishwa. Kosa lilikuwa ni kumdharau mwenzio mezani. Kwa hiyo we unayemhesabia mwenzio dhambi toka kwenye benchi, samahani mwanangu, nawe Paulo anakuhusu.

Na usidhani meza ya kwanza ilikuwa na watu watulivu. Soma Luka 22, mkate umeshamegwa, kikombe kimeshapita, mara mitume wanaanza kubishana nani mkubwa kati yao! Palepale mezani! Na Petro usiku uleule akamkana. Yesu alijua yote hayo na bado aliwapa, kwa hiyo kwaya yenu kununiana haijamshangaza.

Ila asichotaka ni mkae hivohivo. Mathayo 5 anasema acha sadaka yako, nenda kapatane na ndugu yako kwanza, na ndo maana kwenye misa tunatakiana amani kabla ya komunyo, ingawa wengi tunageukia tu wale tunaowapenda. Jumapili wahi ukaungame, na kuhusu padre kuizoea sauti yako, hata yeye anaungama kwa padre mwenzie na huko sauti yake imeshazoeleka. Dada mtumie salamu, hata meseji fupi tu ya habari za siku nyingi. Asipojibu, we kapange foleni.