Padi Si Msahafu

Jumamosi iliyopita, katika mashindano ya kuogelea ya vyuo viwili, nilimwona mmoja wenu akikubali matokeo ya njia ya 6 bila hata kutupia jicho safu ya vitufe, yaani muda wa akiba ambao watunza muda huubonyeza kwa mkono, nami nikajikuta nimesimama bila kujua nilisimama saa ngapi. Wadogo zangu mnaojitolea kukaa meza ya kompyuta kando ya bwawa, nawapenda kwa kuamka alfajiri bila malipo, lakini kosa hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

1. Padi, lile bamba la ukutani mwa bwawa linalosimamisha saa mwogeleaji akiligusa, ndiyo saa kuu, lakini nayo hukosea. Katika msimu wangu wa pili hapa Marekani, kwenye yadi 200 mtindo huru wanawake, mwogeleaji wa njia ya 4 aligusa kwa ncha za vidole, na padi haikumsikia mpaka alipoiegemea kuvuta pumzi. Padi iliandika 1:52.31, vitufe vitatu vya watunza muda viliandika 1:51.44, 1:51.47 na 1:51.52. Tofauti inayozidi sekunde 0.3 hupelekwa kwa refa, jambo nililolijua vizuri, tena namba zote zilikuwa mbele ya macho yangu. Lakini mtangazaji alikuwa akinipungia mkono, zamu ya wapiga mbizi ilikuwa imekaribia, nikabonyeza, nikachapa, nikabandika ukutani. Ushindi ukatangazwa kuwa wa njia ya 5, kwa 1:51.80. Binti wa njia ya 4 alitazama ubao, akavua miwani, akautazama tena. Kocha wake akaja mezani na kuiweka stopuochi yake mbele ya kibodi, taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni kikombe cha chai. Ningeona nafuu kama angenifokea. Refa alichukua muda wa katikati, 1:51.47, nasi tukasahihisha alama za timu zote mbili. Ninayemkumbuka zaidi, hata hivyo, ni yule wa njia ya 5, ambaye hakukosa lolote, na ambaye timu nzima ilikuwa imekwisha kumkumbatia.

2. Nakilini faili kwenye flashi kabla ya kila mapumziko.

3. Kocha akiwaomba mfungue sehemu za elfu za sekunde ili kuamua waliofungana, mkatalieni kwa heshima. Mchezo huu uliachana na elfu baada ya Olimpiki ya Munich 1972, mwogeleaji Gunnar Larsson alipompita mwenzake Tim McKee kwa sekunde 0.002.

4. Kwenye mbizi, someni herufi, inayotaja mkao wa mwili, pamoja na namba, inayotaja mbizi yenyewe, kwa kuwa 105B na 105C kwenye ubao wa mita 3 zina ugumu wa 2.4 na 2.2, na pengo hilo huzidishwa kwa jumla ya alama za majaji. Tulikuwa na mpiga mbizi ambaye B yake ilifanana na 8, na kila wiki nilimfuata hadi kwenye ngazi ya ubao, karatasi mkononi, naye kila wiki alinicheka.

Ama yule wa njia ya 6, tofauti yake ilikuwa 0.04, yaani alikuwa sahihi. Nilimfanya aifungue tena hata hivyo.